Haki za Asili na Shamba la Nyakiriba

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivaa koti la marehemu baba, mikono ikanizidi hadi kwenye vidole, nikasimama mbele ya darasa la mwisho la sekondari moja huko kwenye milima ya Masisi, upande wa Kongo, ambako wengi wetu Wanyarwanda tulizaliwa na kusomea. Mkuu wa shule, tuliyemwita Préfet, alinipa chaki na kitambaa cha kufutia ubao. Nikamuuliza vitabu viko wapi.

"Bwana mudogo," akasema, "hii somo haina kitabu. Kitabu iko mu kichwa yako. Basi ukienda kunywa pombe, ujue unabeba maktaba ya shule."

Somo lenyewe lilikuwa uraia na falsafa ya siasa, na mada niliyoangukia siku hiyo ilikuwa haki za asili. Bon, nawaandikia ninyi walimu vijana wa Rubavu mnaolifundisha leo kwa projekta na picha za rangi. Mmeniomba nieleze kazi hii ilivyofanywa zamani, na nitaieleza. Lakini nitaeleza pia habari ya shamba la Nyakiriba, ambalo mke wangu alilinunua na jina langu likakaa juu yake. Najua wengine mmeshaisikia sokoni Mahoko, tena ikiwa imetiwa chumvi. Naona haya kuisimulia, ila nitaona haya zaidi nikiinyamazia huku nikijiita mwalimu wenu.

Haki ya asili ni haki ambayo mtu anayo kwa kuwa ni mtu tu, kabla mfalme hajakaa kitini na kabla leta (ndivyo tunavyoiita serikali hapa kwetu) haijapiga muhuri wowote. Wanafikra wa Ulaya walioanza kuipigania waliitaja hasa katika mambo matatu: uhai, uhuru na mali. Walisema serikali haikutupa vitu hivyo. Tuliiweka sisi itulindie, kama mtu anavyomweka mlinzi mlangoni. Mlinzi akianza kulala kwenye kitanda cha mwenye nyumba, ana haki gani ya kubaki?

Kwa uhai na uhuru wanafunzi walikubali upesi. Mali ndiyo iliyowapiganisha. Nikawa nawatoa nje, nyuma ya shule, palipokuwa na kipande cha magugu kisicho na mtu. Nachagua mwanafunzi mmoja, nampa jembe, analima mstari mmoja wa udongo huku wenzake wakimtazama na kumcheka. Akimaliza nawauliza, mstari huu ni wa nani? Hapo ndipo makelele yalipoanza. Nadharia inasema mtu ni mali yake mwenyewe, kwa hiyo kazi ya mikono yake ni yake, na akiichanganya na ardhi isiyo ya mtu, ardhi ile inakuwa yake, mradi awabakizie wengine ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Hilo la mwisho tuliliita sharti la kubakiza. Niliwaambia pia ubaya wake, kwamba wakoloni waliishika hoja hiyohiyo wakasema mfugaji hana ardhi kwa sababu hajaigusa kwa jembe. Mwalimu asiyeonyesha pande zote mbili ni mhubiri.

Siku moja Préfet alitukuta kule nyuma akasimama mikono kiunoni. "Weye, unafundisha ama unalima?" Nikamwambia yote mawili. Hakuwahi kunikataza, na mwaka uliofuata akaja mwenyewe kusikiliza ubishi.

Kutoka Masisi nilihamishiwa Goma, koleji ya mapadri. Mkuu wake alikuwa Padri Rekta, mtu mpole aliyekuwa na mkaguzi asiye mpole hata kidogo. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa langu siku ya somo la uhuru. Nilikuwa naeleza tofauti ya uhuru na ruhusa: ruhusa unapewa na mtu, naye anaweza kuichukua, lakini uhuru hakuna aliyekupa. Kengele ilipolia alinishika kiwiko.

"Mwalimu, somo ni zuri. Uhuru fundisha. Donc, fundisha polepole."

Nikamjibu, "Ndiyo, Bwana Mkaguzi," na kweli nikafundisha polepole, maana nilikuwa nimeshaoa. Mama Furaha, wakati huo akiitwa kwa jina lake tu, tulifunga ndoa kanisani, ng'ombe wakatolewa, wazee wakanywa. Mbele ya leta hatukwenda. Kwenda kule kulitaka karatasi za uraia, na sisi watu wa kinyarwanda tulikuwa tukiombwa karatasi hizo asubuhi na kunyang'anywa jioni. Tukasema ndoa ya Mungu inatosha. Mshahara ulipokatika, kama mnavyojua ulivyokatika kwa walimu wote kule, yeye ndiye aliyelisha nyumba, kwa vitunguu na viazi. Mimi nilikuwa na falsafa. Hatukula falsafa.

Tuliporudi Rwanda tukashukia Gisenyi, hapa hapa, ng'ambo ya mpaka ukitoka Goma. Nikapata kazi mjini, kisha nikahamishiwa Mahoko. Yeye akaendelea kuvuka petite barrière, kivuko kidogo cha mpakani, kila alfajiri na mzigo kichwani, anauza Goma, anarudi. Kwa biashara hiyo akanunua shamba Nyakiriba. Yeye alilitafuta, alipatana na mwenyewe, alichagua upande wenye udongo mweusi usio na mawe mengi. Siku ya kukabidhiana nikaitwa mimi nimpe muuzaji mkono, kwa sababu mwanamume ndiye hutoa mkono. Tangu siku hiyo, sijui niseme vipi, ule mkono ukanidanganya. Nikawa nasema "shamba langu la Nyakiriba" bila kutambua ninachosema.

Kisha wakaja watu wa kuandikisha ardhi, kilima kwa kilima. Mama Furaha alikuwa Goma siku hiyo. Nikasimama kwenye mpaka na jirani, wakaniuliza kama nimeoa. Nikasema ndiyo, nina watoto watano. Wakauliza, mbele ya leta? Nikasema mbele ya padri. Wakaandika jina langu peke yake, na pembeni wakaandika *ingaragu*, yaani kapera. Tulicheka sana pale mpakani, mimi na jirani, baba wa watoto watano kuitwa kapera! Nilimsimulia Mama Furaha jioni kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama wameandika na yeye, nikamwambia tutarekebisha.

Hatukurekebisha. Au tuseme sikurekebisha.

Mahoko mkuu wangu alikuwa Directrice, mama mmoja wa maneno machache aliyekulia Tanzania na kusema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Aliingia darasani siku ya mstari wa udongo, nikiwa bado nafundisha kwa jembe kama zamani. Akanisubiri ofisini.

"Mwalimu, nimelipenda somo lako. Hebu niambie, mwanamke akilima shamba ambalo hati yake ina jina la mumewe, shamba ni la nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuna haki ya asili na kuna haki ya kisheria, ya pili ni ile inayotambuliwa na kitabu cha leta, na zikigongana wanafikra wamegawanyika. Wapo wanaoona familia kama mtu mmoja. Wapo wanaoona mkataba. Nikataja na sharti la kubakiza, sijui lilinijia kwa nini.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimeuliza ni la nani."

"Inategemea, Madame."

"Haya," akasema, akarudia kazi zake. Nilitoka pale nikijiona nimejibu kisomi. Leo nikikumbuka lile "inategemea" masikio yananiwaka.

Nilistaafu kwa heshima. Sherehe ilifanyika shuleni, na katibu mtendaji wa sekta, gitifu kama tunavyosema, akasimama kuzungumza. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Akasema mbele ya watu, "Huyu mzee ndiye aliyetufundisha kwamba haki haiombwi." Wakapiga makofi. Mama Furaha alikuwa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, naye akapiga makofi.

Sasa ninakuja kwenyewe.

Tunakaa Rugerero, nami mchana hukaa barazani nikisoma. Mwaka huu walinijia watu wa ushirika mmoja wa wakulima, wanatafuta ardhi ya kupanda viazi vya mbegu. Waliniita Mwalimu, Mzee, Muheshimiwa, wakaniuliza kama ningewakodisha shamba langu la Nyakiriba. Shamba langu! Nikasema hakuna shida, muanze hata kesho, tukapeana mikono. Sikuwa na nia mbaya. Ndiyo aibu yenyewe hiyo, sikuwa na nia yoyote. Nilikubali kama mtu anayekubali kupewa chai.

Kesho yake Mama Furaha alirudi mapema kuliko kawaida, na kichwani amebeba fungu la vijiti vilivyochongwa ncha. Akalitua jikoni. Akavivunja kimoja kimoja kwa goti, akawashia moto, akateleka maharage. Nikauliza ni vijiti vya nini.

"Baba Furaha, shamba iko ya nani?"

"Yetu."

"Na jana, wale batu uliwaambia ni yetu?"

Nikaviinamia vile vijiti.

"Nimefika, nimekuta banapiga vijiti ya kupima katikati ya maharagi yangu. Maharagi iko na maua! Nikabauliza nani amebaruhusu. Banasema mwenye shamba. Nikasema mwenye shamba ni nani? Banasema ni mwalimu." Aliongea taratibu akichochea moto, na mimi nilitamani apige kelele. "Kijana mumoja, muzuri tu, na heshima, akaniuliza: 'Mama, we ni mufanyakazi wa mwalimu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimujibu nini? Nilikuwa na jembe mu mukono. Angeona nini ingine?"

Sikula siku hiyo. Nilikaa na sahani mbele yangu, maharage yaliyopikwa kwa vijiti vile, yakapoa. Nilikuwa nimefundisha vizazi na vizazi kwamba mwenye kushika jembe ndiye mwenye mstari, halafu mke wangu mwenyewe akaulizwa kwenye udongo wake kama ni kibarua wangu, na aliyeuliza hakukosea. Aliiamini hati ya leta na mdomo wangu.

Mtu wa busara angeomba msamaha akanyamaza asikilize. Mimi nilikimbilia sheria. Sekta ilikuwa inatangaza siku ya kusezeranisha, yaani kufungisha ndoa ya leta, watu wanaoishi pamoja bila ndoa hiyo. Nikaona hii ndiyo dawa! Tukisezerana, tutachagua namna ya kumiliki mali. Kwetu kuna ya kuchanganya mali yote, kuna ya kuchanganya sehemu, na kuna ya kila mtu na yake. Nikachagua ya kwanza, kuchanganya yote, maana ndiyo ya upendo, nikijiambia sasa Mama Furaha atakuwa na nusu nzima ya shamba. Nikampigia gitifu akatuandikisha. Alifurahi sana, akasema Mwalimu utakuwa mfano kwa vijana. Nikampelekea vitambulisho vyetu viwili, cha kwake nikakitoa kwenye mkoba wake. Kisha nikamwambia, "Mama Furaha, kesho tunakwenda sekta kusezerana."

"Ah bon," akasema. Akapiga pasi kitenge chake.

Ukumbi ulijaa wachumba wa umri wa wajukuu zangu, wengine na watoto mgongoni. Mimi na ndevu zangu nyeupe nikasimama nao kwenye foleni, vijana niliowafundisha wakinong'onezana, "Si ni Mwalimu wa haki yule?" Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Kinyozi hajinyoi," na benchi zima likacheka. Nilivumilia. Nilijiambia hii ndiyo adhabu, itapita, tutatoka na karatasi yetu.

Tukaitwa. Kwetu huapa kwa kushika bendera mkono mmoja na kuinua mwingine. Nikaapa kwa sauti ya darasani. Kisha gitifu akamgeukia Mama Furaha, akamuuliza kama anakubali kwa hiari yake.

Hakuinua mkono. "Gitifu, leta imeniita ili nijibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Jibu yoyote?"

Gitifu akanitazama mimi. "Ndiyo, Mama. Yoyote."

"Basi, hapana."

"Yewe!" mtu akapiga ukelele nyuma. Gitifu, maskini, akainama karibu yake kama kwa mgonjwa. "Mama, labda hukunisikia vizuri."

"Nimekusikia muzuri kabisa, mutoto wangu. Huyu mzee hakuniulizaka. Hata jana hakuniuliza, aliniambia. Weye umeniuliza, na mi nimekujibu. Asante." Akachukua kitambulisho chake mezani, akakirudisha kwenye mkoba, akatoka nje akapanda moto, pikipiki ya abiria, ya kwenda Nyakiriba, maana palizi ilikuwa inamngoja.

Mimi nilibaki nimeshika bendera, na mkono mwingine juu. Jamani, nimewahi kufukuzwa darasani nikiwa mtoto, nimewahi kuvuka mpaka na watoto bila kiatu, lakini sijawahi kusimama mahali nikatamani ardhi ipasuke kama siku ile. Nilishusha mkono. Nikasema samahani kwa gitifu, kwa wachumba waliokuwa wakisubiri, kwa mpiga picha. Nikarudi Rugerero kwa miguu, na kila mtu niliyekutana naye njiani niliona kama ameshapigiwa simu.

Njiani nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Nilisema peke yangu, nimemtaka afaidi nusu, ananiaibisha? Nilifika mbali sana na hasira hiyo, karibu na nyumbani, ndipo neno "nusu" likaanza kunisumbua. Nusu ya nini? Mtu akichukua cha mwenzake kizima akamrudishia nusu, huyo ni mkarimu? Swali hilo ningelimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na angelijibu bila kusema inategemea.

Aliporudi jioni nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia, "Mama Furaha, naomba kukuuliza. Ungekubali twende kwa noteri wa ardhi, shamba lihamie kwenye jina lako? Lako peke yako?"

Alinawa miguu kwanza. Akanawa mikono. "Jumanne," akasema. "Jumatatu iko soko."

Jumanne tukaenda. Noteri, yaani afisa wa ardhi anayethibitisha hati, alikuwa binti mwenye haraka. Akauliza sababu ya kuhamisha. Kuuza? Nikasema hapana. Urithi? Hapana, sote tuko hai. Basi ni zawadi, akasema. Nikamuuliza kama hakuna namna ya kuandika kurudisha. Akaniangalia kana kwamba nimeomba chakula ofisini.

"Mzee, kurudisha hatuna. Kuna kuuza, kuna urithi, kuna zawadi."

Kwa hiyo mbele ya leta mimi ni mtu aliyempa mke wake zawadi ya shamba lake mwenyewe. Nikatia sahihi. Mama Furaha alipoelezwa neno hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya vijiti, akacheka mpaka akashika meza. "Zawadi! Asante sana, Mwalimu." Nilistahili.

Watu wa ushirika alikwenda kuwaona mwenyewe. Upande wa juu amewakodisha baada ya kuvuna, upande wa udongo mweusi amekataa. Hakunishauri, nami sikuuliza. Furaha, binti yetu, alinipigia kutoka Kigali akilia kwamba nimemwaibisha mama yake ukumbini, nikamwambia ni kweli. Barazani siku hizi nakaa bila kitabu. Watu wakipita wakaniamkia "Mwalimu" naitikia, lakini jina hilo nalisikia kama koti la mtu mwingine.

Ninyi mnaoishika kazi hii sasa, sina wosia mkubwa. Somo la haki za asili linapendeza mno kulifundisha, na utamu wake ndio hatari yake. Unaweza kulisema vizuri miaka yote ya kazi, ukapigiwa makofi na yule unayemkalia, bila wewe kujua kwamba umemkalia. Sikuwa mnafiki. Ningekuwa mnafiki ningejua. Niliziamini haki zile kwa moyo wote, kwa watu wote, na nyumbani kwangu sikuwahi kumhesabu mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimkuta uani akichambua maharage ya mavuno yale. Nikasimama mbele yake na kofia mkononi. Nikamuuliza kama angekubali tusezerane, na kama angekubali, kwa namna ipi ya mali, na lini. Aliendelea kuchambua, mabovu huku, mazima kule.

"Nitafikiri," akasema.

Nikamuuliza kama naweza kukaa nikingoja. Akasogeza ungo, akanisukumia kigoda kwa mguu. Akasema kukaa naweza.